Msichana Aliyepima Chai ya Mama

Wiki ya mwisho kabla ya mgeni wetu kurudi kwao Japani, alianza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi nikaanza kufunga mlango wa stoo kwa kufuli.

Unamkuta anaosha vyombo, machozi yanashuka mpaka kwenye sufuria, halafu anacheka peke yake. Asubuhi anasema amechoka kukaa mbali na mama yake, anataka kuingia katika beseni lao refu la maji ya moto mpaka shingoni. Jioni anasema haendi popote, afungiwe kwenye zizi pamoja na ndama. Mke wangu alisema mtu akimaliza masomo nchi ya mbali huwa hivyo, nusu yake imeshapanda ndege na nusu imebaki. Mimi nimefanya biashara zaidi ya miaka ishirini. Nimenunua ng'ombe kutoka kwa watu waliokuwa wakilia na kwa watu waliokuwa wakicheka. Yule anayelia na kucheka siku moja, huyo ng'ombe wake ana shida.

Na nilikuwa na sababu. Msichana huyo alikuwa amepima shamba langu la chini, lile la chai ya mama, shina kwa shina, kwa kamba yenye mafundo. Vipimo vyote alichora kwenye karatasi kubwa kama kitambaa cha meza. Nilimwona kwa macho yangu, siku tatu mfululizo. Gari la chuo lilikuwa linakuja kumchukua Jumamosi saa nne asubuhi. Nilitaka kujua kabla ya hapo ile karatasi inaenda wapi.

Mimi si mtu wa kuogopa karatasi, ingawa niliacha shule darasa la tano. Nilianza kwa kuchuna majani ya chai kwenye mashamba makubwa ya kampuni, kikapu mgongoni, mvua ikininyeshea. Sikuwa na mjomba serikalini wala barua ya kunisifu. Leo hapa Roret nina poshomili mbili za kusaga mahindi, nina pikapu, na nyumba ya mawe yenye mabati mekundu ambayo ukipita kwenye lami usipoiona, shida ni macho yako. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kuuzia majani ya chai, na nimechaguliwa mara tatu bila mtu kusimama dhidi yangu. Wanaojua Kiingereza wananiandikia barua na mimi ndiye ninayetia sahihi. Nayasema haya ili ujue kwamba aliyeshuku hapa hakuwa mjinga.

Msichana alikuja kwetu kupitia kanisani. Chuo kimoja kisicho mbali kilileta tangazo kwamba wanafunzi kutoka nje wanatafuta familia za kukaa nazo miezi kumi. Kabla mhubiri hajakunja lile tangazo, nilikuwa nimesimama. Wanaume wengine walikuwa bado wanawaangalia wake zao. Ni nani mwingine pale alikuwa na choo cha ndani, cha kukalia, na maji ya moto ya jua? Hayo niliyasema kwa sauti. Sikusema kwamba watoto wetu watatu wameshaoa na kuolewa mbali, wanakuja Krismasi na nguo chafu za kufuliwa, na kwamba nyumba ya vyumba vitano ikiwa na watu wawili, unasikia friji ikipumua.

Alifika na begi moja na Kiswahili cha vitabu. Alimwamkia kila mtu "shikamoo," mpaka wazee wa hapa, ambao salamu yao ni chamgei, wakawa wanaangalia nyuma yao kuona anayesalimiwa ni nani. Mimi peke yangu nilimjibu "marahaba," maana hiyo nilikuwa nimeifikia shuleni.

Mwezi wa pili ndipo lilipotokea jambo lililonifunga mikono. Sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina litakalotajwa chafya ikitoka, huyo ndiye mzee aliyerudi. Siku hiyo wanawake wa kanisa walikuwa jikoni kwetu, wakimtania mgeni kwamba hana jina, na jina alilokuja nalo linawapotea mdomoni. Wakaanza kumtajia ya ukoo wangu kwa mzaha. Walipofika kwa jina la marehemu mama yangu, msichana akapiga chafya. Mara tatu.

Kelele za wanawake zilisikika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa sebuleni na nilijua kilichotokea: kuni zilikuwa mbichi na jiko lilikuwa limejaa moshi. Nilikwenda nikawaambia. Hakuna aliyenisikiliza. Tangu siku hiyo mke wangu alimwita kwa jina la mama yangu, na mimi, kama mwanaume yeyote wa hapa mwenye binti wa jina la mama yake, ikabidi nimwite "Mama."

Sasa fikiria mwenyewe. Unamshuku mtu, na kila ukitaka kumuuliza swali kali, unaanza na "Mama."

Kwanza niligundua kwamba kwao kuna chai. Siku moja mezani alisema bibi yake ana shamba la chai mlimani. Niliweka kikombe chini. Mtu ambaye kwao kuna chai, kwa nini apande ndege usiku na mchana kuja kuangalia yangu? Akasema ni masomo ya kilimo. Nikasema sawa, Mama, na nikaliandika kichwani.

Halafu ikaja video. Alikuwa kwenye kituo cha majani akingoja na wanawake mizani ianze, akawaonyesha kwenye simu jinsi kwao wanavyovuna. Watu wawili wanashika mashine huku na huku, wanatembea na mstari, na mstari mzima unanyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Wanawake waliangalia, wakarudisha simu, wakageukia vikapu vyao. Kila mmoja wao ana dada au mume aliyerudishwa nyumbani kutoka mashamba makubwa siku mashine zilipofika.

Haikupita wiki, akaonekana na kamba. Jirani yangu ndiye aliyeniletea habari, pale pale kituoni, mbele ya watu. Huyu jirani chai yake imepakana na yangu ya chini, kuna waya tu katikati, na mdomo wake hauna waya.

"Mwenyekiti, huyo mtoto wako anapima nafasi kati ya mashina."

"Ni masomo," nikasema.

"Mashine inataka nini? Si inataka nafasi?"

"Shamba langu liko kwenye mteremko. Mashine itabingirika mpaka mtoni."

"Wajapani washindwe na mteremko? Hiyo pikapu yako ilitengenezwa na nani, mjomba wako?"

Watu walicheka mpaka karani wa mizani akasahau kilo. Mimi pia nilicheka, lakini niliporudi nyumbani nilianza kupiga hesabu. Kama angetoka hapa na ramani, na kesho kutwa mashine zifike, hakuna mtu angesema ni chuo. Wangesema zilitoka kwa mwenyekiti, alizilisha ugali miezi kumi.

Hilo shamba la chini lenyewe nilikuwa na mpango nalo. Mama alilipanda kwa mbegu, kwa mkono wake, wakati wanaume wengi hapa walikuwa bado wanaona chai ni kazi ya watumwa wa kampuni. Lakini chai ya mbegu huzeeka vibaya. Shina hili nene, lile jembamba, hapa limekufa, pale limekufa, mapengo kama mdomo wa mzee. Nikaamua kung'oa yote nipande mikaratusi. Viwanda vinataka kuni, kila mtu anataka nguzo, na mti hauhitaji kuchunwa kila wiki mbili. Jirani aliposikia akasema, "Ukianza wewe, na mimi nang'oa yangu." Nilishawapata wanaume wanne wenye majembe na mnyororo wa kuvutia kwa pikapu. Siku ilikuwa Jumatatu, siku mbili baada ya msichana kuondoka, maana sikutaka fujo mgeni akiwepo.

Mke wangu alinipinga miezi mitatu. Alisema ile chai ndiyo ilisomesha dada zangu, alisema nitajuta, alikataa kunichemshia maji ya kuoga. Halafu ghafla akanyamaza. Si kunyamaza tu. Akaanza kunipikia nyama katikati ya wiki.

Wewe kama umeoa, unajua nilivyoshtuka.

Kwa hiyo nilikuwa na wanawake wawili nyumbani, mmoja analia na kucheka, mwingine anapika nyama, na jikoni walikuwa wakinong'ona, nikiingia wanaanza kuzungumza juu ya chumvi. Ile karatasi kubwa sikuiona tena. Jumanne ya wiki ile ya mwisho, msichana alikwenda Kericho mjini na bomba refu la plastiki kwapani, lile la kubebea michoro. Akarudi nalo jepesi, analirusharusha mkononi. Nilihesabu siku zilizobaki, zilikuwa nne.

Ijumaa mchana wanawake wa kanisa walimwandalia chai ya kumuaga kwa mmoja wao, hapo ng'ambo ya bonde. Mke wangu akaenda naye. Nikabaki peke yangu na begi lake, ambalo lilikuwa limefungwa tayari, limesimama kando ya kitanda cha binti yangu.

Mimi si mwizi na sijawahi kupekua mfuko wa mtu. Lakini pia si mtu wa kuingia mahali bila kujipanga. Nilichukua mizani ya kuning'iniza, ile ndogo ya kupimia majani ambayo hukaa kwangu kwa sababu ya kamati. Nikasema moyoni: nikiulizwa, napima uzito.

Nguo zilikuwa zimekunjwa kama bahasha. Kulikuwa na paketi za chai, kibuyu kidogo cha maziwa chenye shanga alichopewa na mke wangu, na mche wa sabuni ya kufulia ambao alipenda harufu yake, sijui kwa nini. Gambuti zake zilikuwa zimeoshwa mpaka zinang'aa. Chini kabisa kulikuwa na daftari. Nikakaa kitandani nikafungua, nikijua nimempata.

Lilikuwa daftari la maneno. Ukurasa baada ya ukurasa, maneno yetu na maana yake, mengine kwa maandishi yao ya vijumba, mengine kwa Kiswahili. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma. Mahali fulani alikuwa ameandika: "Baba akisema 'tutaona,' ni hapana." Chini yake: "Baba akisema 'nitafikiria,' ni ndiyo. Usimwonyeshe kwamba umejua."

Nilisoma hapo mara mbili. Miezi kumi nilikuwa nikimchunguza, na yeye alikuwa ananiandika.

Karatasi haikuwemo. Nikaingiza mkono pembeni, kwenye kitambaa cha ndani, mpaka kiwiko. Hapo ndipo niliposikia mlango.

"Baba?"

Alikuwa amerudi kuchukua mwavuli. Alisimama akiniangalia, na mkono wangu ulikuwa bado umo.

"Mama," nikasema. "Nimekuja kupima. Watu wa ndege hawapendi mzigo mzito."

Akaangalia mizani kitandani. Akaniangalia mimi. Uso wake ukaanza tena kufanya yale mambo, mdomo unacheka, macho yanajaa.

"Baba umefikiria mpaka hilo?"

"Mimi hufikiria kila kitu."

Tukalining'iniza begi kwenye mizani, mimi nimeshika juu, yeye anasoma namba. Lilikuwa chini ya kiwango. Akainama kwa heshima ya kwao, mikono mapajani, akasema "kongoi" ya kwetu, akachukua mwavuli wake akaenda. Mimi nilibaki nimeshika begi. Sijawahi kushukuriwa vibaya namna ile.

Lakini shukrani haikuniambia karatasi iko wapi. Kama haimo ndani ya begi, basi imeshatangulia. Imepita posta Jumanne. Wakati wa chakula nilimgeukia mke wangu.

"Mama watoto, ile karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Unajua ni gani."

"Mzee, kula. Inapoa."

Ilikuwa nyama tena. Msichana aliinamia sahani yake, mabega yanatetemeka, na sikuweza kujua ni kilio au ni kicheko.

Jumamosi niliamka nikakuta gambuti zimetolewa kwenye begi. Amezivaa. Umande ulikuwa mzito na ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai kama maziwa yaliyomwagika.

"Baba, twende shamba la chini," akasema. "Kuna muda. Gari bado."

Mke wangu alikuwa tayari mlangoni na leso yake. Alionekana kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikavaa koti langu la kikao, kwa sababu kama kuna kesi, nitaisikiliza nikiwa nimevaa vizuri.

Tukashuka. Kule chini, karibu na mto, bado liko jiko la zamani la mama, kuta za udongo zimebomoka na mabati yamekula kutu. Sikuwa nimekwenda nyuma yake tangu tulipomzika. Mke wangu alikuwa ameniambia siku nyingi kwamba huko ana kitalu chake cha sukuma wiki, na mwanaume wa cheo changu haendi kukagua sukuma wiki.

Msichana akatangulia, akaondoa majani ya msituni yaliyotandazwa juu kama paa dogo, halafu akafunua nailoni. Chini yake kulikuwa na mifuko midogo ya plastiki iliyosimama kwa mistari, mingi, na katika kila mfuko mche wa chai, urefu wa kiganja, majani matano au sita, yanang'aa kwa maji.

"Ni ya nani hii?" nikauliza, kama vile ingeweza kuwa ya mtu mwingine.

"Ni ya mama yako," mke wangu akasema. "Tulikata vipandikizi kutoka kwa mashina yake mazuri. Ina miezi saba sasa."

Halafu akaingiza mkono chini ya bati lililoegemea ukuta, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya gunia la unga. Gunia la poshomili yangu, lenye alama yangu. Ndani kulikuwa na ile karatasi. Imetiwa plastiki ngumu pande zote mbili mvua isiile. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya Jumanne; aliporudi alipitia hapa kwanza, ndipo akaja nyumbani na bomba tupu. Akaitandaza juu ya nyasi, tukainama wote watatu.

Ilikuwa shamba la chini lote, kama unaliangalia ukiwa ndege. Kila shina lililo hai ni duara. Kila pengo ni msalaba. Hata nisingejua kusoma, ningeisoma.

"Kamba ilikuwa ya kujua kila pengo linaingia miche mingapi," msichana akasema. "Hii inabaki hapa. Sijachukua."

Usiku wote nilikuwa nimepanga jinsi ya kuizuia isiondoke, na wao walikuwa wameiweka isiondoke. Mtu akijiandaa kusukuma mlango halafu ukafunguliwa na aliye ndani, anaanguka. Nikakasirika, nafikiri kwa sababu hiyo.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Mama," mke wangu akasema, akamwonyesha msichana kwa midomo.

"Huyu ni mtoto wa watu!"

"Alipiga chafya mara tatu mbele ya mashahidi."

"Ilikuwa moshi!"

"Hata mama yako alipenda moshi."

Msichana akacheka, akajifunika mdomo. Mke wangu hakucheka.

"Na mashine?" nikamgeukia msichana. "Mama, niambie ukweli. Mashine zinakuja lini?"

"Mashine gani, Baba?"

"Za kwenu. Za video."

Alichukua muda kuelewa. Halafu akachuchumaa kando ya kitalu akaanza kung'oa kijinyasi kwenye mfuko mmoja.

"Kwetu mashine ilikuja watu walipoondoka," akasema. "Bibi yangu hana hata watu wa kushika mashine. Watoto wote wako mjini. Chai yake aliacha. Sasa imekuwa ndefu kuliko nyumba, nguruwe wa msituni wanalala ndani. Nilipoona hii yako niliuliza kwa nini ina mapengo na bado inatoa majani. Mama hapa, mke wako, akaniambia unang'oa."

"Mngeniomba."

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Tukuombe useme hapana mbele ya watu, halafu ushindwe kurudi nyuma? Umenioa miaka mingapi?"

Ni kweli, mimi nikishasema jambo kituoni, nimelisema.

"Wanaume wanakuja Jumatatu," nikasema. "Nimeshawaambia. Hata kituo kizima kinajua."

"Najua," msichana akasema. "Ndiyo nasikia vibaya. Nataka kwenda nyumbani, Baba, nataka sana. Na nataka kuwa hapa Jumatatu. Lakini naogopa kuiona Jumatatu. Kwa hiyo ni vizuri naenda, na ni vibaya."

Basi hicho ndicho kilikuwa kile kilio na kile kicheko. Nilikuwa nimekichunguza wiki nzima na kufuli mkononi, na sababu yake ilikuwa mimi.

Nikatazama mashina ya mama. Yale makubwa yana shingo nene kama paja, yamejikunja, yana kuvu nyeupe. Nikakumbuka fito yake. Alikuwa akiilaza juu ya chai kabla ya kuchuna ili aone usawa, na sisi watoto tukivunja kichipukizi chini ya fito, tulipata hiyo hiyo fito miguuni.

"Umebaki na nakala?" nikauliza.

"Hapana." Akagusa kichwa. "Iko hapa tu."

Hiyo sasa hakuna mizani ingeipima, wala askari wa uwanja wa ndege angeishika. Nikaona nikubali kushindwa hapo.

"Nitafikiria," nikasema.

Neno lilipotoka, nikakumbuka daftari. Wao walitazamana kidogo tu, kufumba na kufumbua, halafu wote wawili wakaanza kufunika kitalu kwa bidii kama watu ambao hawajasikia kitu. Na mimi nikaangalia mto kama mtu ambaye hajaona kitu.

Gari lilikuja mapema. Majirani walikuwa wamesimama barabarani, wanawake wa kanisa na nyimbo zao. Jirani wa mdomo alikuwa mbele kabisa, macho kwenye begi. Msichana aliwashika wote mikono. Kwangu alifika mwisho. Nilikuwa nimetayarisha maneno, maana mwenyekiti haagi mtu kwa mikono mitupu, lakini alisema "saisere, Baba," akainama, na nilipofungua mdomo kilichotoka ni:

"Saisere, Mama. Usikae kwenye beseni mpaka ngozi ikunjane."

Gari lilipopotea kwenye kona, jirani akanisogelea.

"Ulipekua begi?"

"Nililipima," nikasema.

Jumapili nilisinzia kanisani. Chumba kile kilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa kama bahasha, na friji ilianza tena kupumua. Nilikwenda mara mbili kuangalia kama ameacha kitu. Alikuwa ameacha nusu ya ule mche wa sabuni. Mke wangu hakuniuliza nimefikiria nini. Hakupika nyama pia. Alipika mboga, na hapo nikajua anajua jibu langu.

Jumatatu wanaume wanne walifika na majembe yao. Nilikuwa shambani kabla yao, na karatasi ya plastiki imetandazwa juu ya chai, umande unateleza juu yake.

"Tunaanzia wapi, Mwenyekiti? Mnyororo uko wapi?"

"Mnyororo uacheni kwenye pikapu," nikasema. "Hapa, kwenye msalaba huu. Shimo la jembe moja kwenda chini, si zaidi. Ukigusa mzizi wa shina lililo kando yake, tutakosana."

Kwenye kamati, karatasi yoyote ikiletwa, huwa nampa katibu asome huku mimi nikiitikia kwa kichwa. Hii niliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka mtoni. Mke wangu alikuwa anatoa miche kwenye mifuko, mikono yake haraka kama anapukuchua mahindi.

Jirani alitokea kwenye waya, kikombe cha chai mkononi.

"Mwenyekiti! Si ulisema unang'oa?"

"Nilisema nachimba."

"Ulisema unang'oa. Kituo kizima kilisikia."

"Kituo hakisikii vizuri. Hii nilipanga tangu mwaka jana. Unafikiri yule mwanafunzi alikuwa anapima nini?"

Akapuliza chai yake. Nami nikaendelea kusoma karatasi, nikafika pembeni, kwenye mstari aliouchora kuonyesha waya. Hapo nikasimama. Misalaba haikuishia kwenye waya. Ilivuka. Upande wa pili, kwenye chai ya huyo huyo jirani, kulikuwa na maduara na misalaba vile vile, mpaka kwenye choo chake.

Nikageuka nikatazama miche. Nilikuwa nimeona tangu asubuhi kwamba ni mingi kuliko mashimo, nikadhani walikosea hesabu. Kando, chini ya kivuli, mistari miwili ilikuwa imetengwa peke yake na kufunikwa kwa leso ambayo haikuwa ya mke wangu; nilikuwa nimeiona mara nyingi kwa mke wa jirani. Nikamwangalia mke wangu. Akawa na shughuli nyingi sana na mche mmoja.

Niliikunja karatasi. Jirani alikuwa bado ameegemea nguzo ya waya, anakunywa chai yake, na kichwani bado anang'oa shamba lake.

"Hebu niambie," nikamuuliza. "Siku hizi kwako mnakula nyama katikati ya wiki?"

Kikombe kikasimama njiani.

"Umejuaje?" akasema.